Picha ya Tajiri Akila

Shekiondo, tajiri aliyepikia harusi zote kubwa za Muheza, alinunua kishikwambi cha kufuatilia usalama wa chakula ili awaringie wateja. Asubuhi ya harusi moja friji ilikutwa imeharibika, nyama inanuka, na kishikwambi kinaonyesha alama nyekundu.

"Igeuze iwe ya kijani," alimwamuru mpishi wake, Bi Siwema. "Viungo vitaficha harufu. Ukikataa, kazi huna."

"Sikatai, tajiri. Ila mtambo unataka kwanza picha ya mwenye biashara akiila hiyo nyama."

Shekiondo, ambaye hata kukiwasha kishikwambi hakujua, alikodoa macho. "Niile mimi?"

"Vipande viwili tu. Sahani yako hii hapa."

Tajiri akasema amefunga. Siwema akamkumbusha chapati alizokula muda ule ule. Akasema ana vidonda vya tumbo. Siwema akainua kishikwambi na kumwomba atabasamu.

"Mwaga yote," tajiri alifoka. "Nakwenda buchani."

Gari lilipoondoka, mpishi mwenzake, Mwajabu, aliuliza, "Kumbe mtambo unadai picha?"

"Mtambo unadai nyuzi joto tu," alijibu Siwema, akiimwaga nyama shimoni. "Picha nimeidai mimi."