Oda ya Cherehani Kumi

Nitalisimulia jambo hili polepole nisije nikampunja mtu, kwa sababu mwishoni hukumu nitawaachia ninyi.

Gari la kampuni ya cherehani lilikuwa na watu watatu. Mzee Kitundu alikuwa muuzaji kwa miaka thelathini na mmoja, na kipaji chake kilikuwa kukumbuka watu. Akiingia kijijini, alimuulizia kwa jina mgonjwa aliyemwacha kitandani miaka miwili nyuma. Siwema alikuwa akifundishwa kushika nafasi yake, na kipaji chake kilikuwa mikono: aliweza kufungua cherehani na kuifunga huku mkizungumza. Dereva wao, Mpondo, hakujua kuuza wala kushona. Kipaji chake kilikuwa kufika.

Safari ile ilikuwa ya mwisho kwa Kitundu, Jumatatu angestaafu. Aliuza mashine wilaya tatu nzima, lakini nyumbani mkewe alishona kwa mkono. Kampuni ilikuwa na kanuni: atakayepata oda ya cherehani kumi kwa siku moja hupewa moja iwe yake. Kitundu hakuwahi kuzifikisha kumi.

Kikundi cha akina mama wa Kinyamwe kilitaka kumi, na siku ya mwisho ya kuchagua muuzaji ilikuwa Alhamisi hiyo. Kilomita tano kabla ya kijiji, wakakuta kalavati limezolewa na maji.

“Turudi,” alisema Siwema.

“Turudi wapi?” Mpondo akavua viatu. Akajitwika cherehani ya maonyesho begani, akavuka maji ya kiunoni, akarudi kumshika mzee mkono, Siwema akiwafuata. Kisha akaibeba mashine ile mpaka kijijini. Saa tisa alasiri walikuwa wamefika.

Mwenyekiti wa kikundi, Mama Ntandu, aliwapokea kwa kicheko. “Shikamoo, Mzee Kitundu! Wauzaji wawili wamekuja tangu asubuhi. Tumewaambia tunakusubiri wewe.”

“Kwa nini mimi?”

“Umesahau wewe? Mwaka ule wa ukame tulitaka kuuza mbuzi tununue mashine. Ukatukatalia. Ukasema, ‘Mbuzi wenu wabaki, mimi nitarudi.’”

Siwema akaanza kuwaonyesha. Mshono wa tatu, uzi ukajisokota kwenye bobini, gurudumu likagoma. Akina mama wakatazamana. Mmoja akasema, “Kumbe ndiyo hii? Bora wale wa asubuhi.”

Kitundu alikuwa amemfundisha kwamba mashine ikikwama mbele ya mteja, ifunike, sema utaleta nyingine. Akamkonyeza aifunike. Siwema akatoa bisibisi.

“Njooni karibu,” aliwaambia. “Itakwama tena, na siku hiyo mimi sitakuwepo.” Akaifungua yote mbele yao, akautoa uzi, kisha akampa bisibisi yule aliyelalamika aifunge mwenyewe. Mashine ikashona. Mama Ntandu akasema, “Tumechukua kumi.”

Fomu ya oda hujazwa na mteja, na ina nafasi ya jina moja la muuzaji.

“Andika Kitundu,” alisema mzee. “Bila mimi, wangenunua asubuhi.”

“Babu, na bila mimi wangewaita wale wa asubuhi warudi,” alisema Siwema.

“Nani alikufundisha kazi?”

“Wewe. Ulinifundisha niifunike.”

Mzee akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

“Mama yangu ni fundi,” Siwema aliendelea, sauti ikipungua. “Aliuza cherehani yake mimi nisome. Wewe unastaafu, babu, najua. Lakini yeye ananisubiri mimi.”

Mpondo alikuwa akikamua suruali yake. “Endeleeni tu. Bila mimi, mngekuwa bado mnabishana kule ng’ambo. Mke wangu anaazima mashine kwa jirani, na jirani amechoka.”

“Wewe ni dereva, mwanangu,” alisema Kitundu.

“Gari limebaki kule, mzee. Hapa nimeleta nini?”

Siwema akapendekeza waiuze wagawane. Kitundu akamkumbusha kwamba mashine ya zawadi ikiuzwa, kampuni huichukua.

Mama Ntandu akawatazama wote watatu: mzee aliyewaachia mbuzi wao, binti aliyewaachia bisibisi, na dereva aliyelowa mpaka kiunoni. Akaishika kalamu, na mpaka mimi niliyekuwa miongoni mwa watazamaji naondoka, nafasi ile ya jina ilikuwa bado tupu.

Nanyi mmesikia yote. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?