Kasuku Wasiosalimia

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmekunywa uji wa jana? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya. Na wewe uliyeingia bila hodi, kaa hapo mbele nikuone.

Hapo zamani za kale, nyikani, palikuwa na mnyama aitwaye Mhanga. Kazi yake kuchimba mashimo. Kwaru! Kwaru! Wanyama wakahamia humo, na Mhanga akajua nani anakaa wapi. Ukimtafuta ndugu yako, unamwuliza yeye. Kila mnyama hujibiwa, lakini kwa siku anaulizia mashimo mawili tu. Mawili, basi.

Shimo la tisa alikaa Mama Ngiri na watoto wake wanne. Wa tano aliliwa na Mbweha. Mama Ngiri alilia, "Babu Mhanga, nakuomba, Mbweha asijue nilipo."

Siku moja Mbweha akaja. Akaulizia shimo la kwanza, akajibiwa. La pili, akajibiwa.

"Na la tatu?"

"Yako yamekwisha. Rudi kesho."

Mbweha akacheka, akaenda zake.

Kesho yake, puruuu! Kasuku akatua. Hana hodi, hana salamu.

"Shimo la tatu la nani? Shimo la nne la nani?"

Mhanga akajibu. Puruuu! Kasuku wa pili.

"Shimo la tano la nani? Shimo la sita la nani?"

Akajibu. Puruuu! Wa tatu akaulizia la saba na la nane. Mhanga akajibu, kisha akashtuka. "Aka! Kila mmoja anaanza pale alipoishia mwenzake. Hawa wana lao jambo."

Puruuu! Wa nne.

"Shimo la tisa la nani?"

Zamu hii Mhanga akauliza yeye.

"Kasuku, hujambo?"

"Shimo la tisa la nani?"

"Unamtafuta nani huko?"

"Shimo la tisa la nani?"

"Nani kakutuma?"

Kasuku hasemi ila alichosikia. Akainamisha kichwa, akatoa sauti, na sauti ilikuwa ya Mbweha: "Nileteeni majina yote. Nitaanza na mwenye watoto."

"Lo! Mbweha huyo!" Mhanga akapiga kelele, nyika nzima ikasikia. Kichaka cha jirani kikatikisika, kumbe Mbweha amejificha humo. Mama Ngiri akachomoka shimoni, meno nje, vuuu! Mbweha akakimbia na mkia nusu.

Watoto wanne wakapona. Lakini mashimo manane yalikwisha kutajwa, na Mhanga akachimba mengine manane, mpaka kucha zikatoka damu. Tangu siku ile hahesabu midomo, anahesabu maswali. Na kila anayekuja husalimu kwanza, akasema jina lake na anayemtafuta.

Funzo ni hili: anayemtafuta ndugu yake huulizia nyumba moja. Anayeulizia nyumba zote mshukuni, hata akituma midomo mia.

Hadithi yangu imefika mlangoni, nami naufunga. Ila wewe uliyeingia bila hodi, hujatuambia bado: umetumwa na nani?