Kilima cha Vitovu na Jogoo Anayenusa Dhahabu

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo pakawa gani, ya watu wenye njaa? Nimesema paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo kale, kale ya wakale, kabla babu wa babu yangu hajajua kujifunga shuka lake mwenyewe, palikuwa na kijiji. Kijiji gani, msiniulize. Kijiji tu, chenye kuku, moshi na watu wabishi kama nyinyi.

Kijiji hicho kilikuwa na kilima kidogo cha udongo mwekundu. Si kilima cha kumchosha mtu. Mbuzi alikipanda huku anatafuna. Lakini kilikuwa na heshima yake, maana humo ndimo vilimozikwa vitovu.

Desturi yao ilikuwa hivi. Mtoto akizaliwa, hana jina. Hatolewi nje. Hapewi chakula cha kutafuna. Ni mchanga tu. Anafungwa nguo, anapakwa wanja kwenye paji la uso, anavishwa mvuje shingoni, ule mvuje unaonuka, ili kijicho kimpite mbali. Kitovu kikidondoka, mkunga anakitia katika kijungu kidogo cha udongo, anakifunika, anakwenda kukizika kilimani. Akirudi, ndipo mtoto anakuwa mtu. Anapewa jina, anatolewa nje, anaonyeshwa jua.

Wote walizaliwa hivyo, baba, babu, na babu wa babu. Ila wake zao hawakuwamo kilimani, kwa kuwa wake waliolewa kutoka vijiji vingine, na vitovu vyao vilizikwa kwao. Shikeni hilo. Wewe usiyeshika kitu, mwombe mwenzako akushikie.

Mkunga wa kijiji alikuwa Bibi Siwema. Watu wanamtaja mpaka leo, hata wasiomjua kwa sura. Alikuwa mzee, mfupi, mtafuna tambuu, na masikio yake yalisikia yale aliyoyapenda tu. Alikuwa amewazalisha mama za wanaume wote wa kijiji kile, kwa hiyo hapakuwa na mwanamume wa kumtishia macho. Utamtishiaje mtu aliyekuona siku ya kwanza, umekunjamana, unapiga chafya?

Bibi Siwema alijaliwa mtoto mmoja tu, binti, jina lake Mize. Mize alichukuliwa na mto akiwa bado mdogo, na mto haukumrudisha. Hakuna kaburi. Kilichobaki cha Mize duniani ni kijungu kile kilimani. Basi kila asubuhi Bibi Siwema alikwenda kukifagia kilima. Fya, fya, fya. Akimaliza, anakaa kidogo, anarudi nyumbani. Hakusema na mtu habari hiyo, na watu hawakumuuliza.

Sasa akaja mgeni. Bwana Msellem, mtafuta hazina. Alikuja na punda, na majembe, na jogoo mwekundu aliyefungwa uzi mguuni. Akasema jogoo yule ananusa dhahabu, na kwamba popote anapoparua, chini yake pana mali. Nyinyi mnacheka. Wao hawakucheka. Walikaa wakamtazama jogoo kwa adabu, kama mkwe.

Jogoo akaparua jikoni kwa watu. Msellem akasema hapo ipo, lakini ndogo, iacheni. Jogoo akaparua jalalani. Msellem akasema hapo ipo, lakini inanuka, iacheni. Kisha jogoo akapanda kilimani, penye mchwa wanono. Kwaru, kwaru, kwaru! Akaparua, akadona, akaparua. Msellem akapiga magoti, akatokwa na machozi. Mtu mmoja alisema pale pana mchwa. Akaambiwa anyamaze, ana wivu.

Mkuu wa kijiji, Jumbe Mwinyimvua, alisita. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na tamaa moja tu moyoni: alitaka makubadhi ya ngozi yanayolia, kwiu, kwiu, kwiu, ili watu wajue anakuja kabla hajafika. Akamkumbusha mgeni kwamba pale pamezikwa vitovu.

Msellem akamwuliza kwa upole, mtu mwenye akili akitaka kuficha dhahabu, ataifunika kwa kitu gani? Si ataifunika kwa kitu ambacho hakuna mtu atakayethubutu kukifukua?

Jumbe akafikiri. Kwiu, kwiu, kwiu. Maneno yakamwingia.

Wanaume wote wakachukua majembe. Tu! Tu! Tu! Udongo ukaruka. Vijungu vikatoka, kimoja, na kimoja, na kimoja tena, vyote vidogo, vyote vyekundu, vyote sawasawa, vikarundikwa uani kwa jumbe kama maboga ya mavuno. Bibi Siwema akafika na fagio lake, akakuta hapana pa kufagia.

"Mwinyimvua," akasema, "mnachimba nini?"

"Mali, bibi. Vitovu tunaviweka pembeni kwa adabu. Tutavirudisha."

"Mwanangu yumo humo."

Jumbe akainamisha macho. Akasema Mize atakuwa wa kwanza kurudishwa. Kisha akashika tena jembe. Tu! Tu! Tu!

Wakachimba mpaka chini. Chini wakakuta udongo. Chini ya udongo wakakuta jiwe. Kando ya jiwe wakakuta fuko mmoja amekasirika sana. Dhahabu hapana. Wote wakamgeukia Msellem, na Msellem hakutikisika hata ukope. Akaokota kijungu kimoja, akakipuliza vumbi, akasema mali ndiyo hii. Vijungu vya kale namna ile, ng'ambo ya mto watu wanavigombania. Vitovu wamwage, yeye kesho atapakia vijungu kwenye punda, na jumbe atapata makubadhi ya kulia, mguu wa kulia na wa kushoto.

Bibi Siwema akalia. Nasema wazi, alilia, tena kwa sauti, mbele ya watu, bila kujifunika uso. Mimi nikifika hapa hukasirika mpaka leo. Wanaume wakajifanya wanatafuta majembe yao.

Alipomaliza kulia akajipangusa, akaenda kisimani, ambako wake wa kijiji walikuwa wanateka maji. Akawaambia maneno. Wakacheka mpaka mtungi wa mtu ukavunjika.

Kukakucha. Jumbe Mwinyimvua akaamka, akanyoosha viungo, akaomba samaki na ugali. Mkewe, Bi Hadia, akamletea uji mwepesi usio na chumvi.

"Samaki yuko wapi?"

"Mtoto mchanga hali samaki," akasema Bi Hadia. "Kitovu chako kiko uani, juu ya ardhi. Bibi Siwema amesema kitovu kisichozikwa ni cha mtoto mchanga. Fungua kinywa."

Jumbe akasema yeye ana ndevu. Bi Hadia akakiri kwamba ni ajabu kubwa, hajapata kuona mtoto aliyezaliwa na ndevu. Jumbe akasema yeye ni jumbe. Bi Hadia akamwuliza, mtu ambaye bado hana jina, cheo atakipachika wapi? Jumbe akaanza kufoka. Bi Hadia akampapasa tumbo, akasema kitoto kina gesi.

Akafungwa nguo toka kifuani mpaka vifundoni. Akapakwa wanja kwenye paji la uso, duara nzuri kabisa. Akavishwa mvuje shingoni. Fuu! Inzi wakahama nyumba.

Na mambo yalikuwa hayo hayo nyumba zote. Huku mhunzi anapigwa mgongo acheue. Kule mzee mwenye wajukuu anaogeshwa kwenye beseni, anaambiwa asimeze maji. Kijiji kizima kilikuwa kinabembelezwa: lo-lo-lo, lo-lo-lo. Wangebisha, lakini mkunga ndiye mwenye kauli juu ya wachanga, tangu zamani. Na ubishi unataka shibe, na vyungu vya ugali wanavyo wanawake.

Mmeshaona sasa kwa nini niliwaambia mshike ile habari ya wake? Watu wazima waliobaki kijijini walikuwa wao peke yao, pamoja na Bibi Siwema, ambaye naye aliolewa pale kutoka mbali.

Jua lilipopanda, Msellem akaja na punda wake kupakia. Akawakuta wanaume wote wameketishwa uani kwa jumbe, kwenye mikeka, wamefungwa nguo, wanja usoni, wananuka mvuje. Akauliza kama pana ugonjwa. Akaambiwa hapana, pana uzazi.

Bibi Siwema akasimama karibu na rundo la vijungu. Akasema yeye si mkali, wala hamzuii mtu biashara yake. Kila mtu achague kijungu chake, kikazikwe, awe mtu, ale samaki. Vitakavyobaki, mgeni achukue.

Wanaume wakafurahi. Wakajikongoja mpaka kwenye rundo, wakirukaruka kwa sababu miguu imefungwa. Jumbe akanyakua kijungu, akasema hiki changu. Mhunzi akasema hicho ni chake, anakijua kwa umbo. Umbo gani? Vyote ufinyanzi mmoja, kimo kimoja, udongo mmoja. Jumbe akakigeuza, akakitikisa, akakinusa. Hakujua. Akachukua kingine. Hakujua. Wanaume wakatazamana, na jasho likaanza kuchuruzisha wanja.

Msellem akaona wamekwama. Akainama achukue kimoja.

"Hicho huenda ni changu," akasema mhunzi.

Akakirudisha, akagusa kingine.

"Huenda ni changu," akasema mzee mwenye wajukuu.

Akagusa cha tatu. Uani wote ukanguruma: huenda ni changu, huenda ni changu, huenda ni cha baba yangu. Msellem akasema basi wampe visivyo na mwenyewe, vya watu waliokwisha kufa, hao hawali samaki wala hawadai jina.

Wote wakamgeukia mkunga. Hata punda aliacha kutafuna.

Bibi Siwema akasema, "Mwanangu amekufa, naye yumo. Mimi mwenyewe nilimzika humo kwa mikono hii, na sasa sijui ni kipi. Kwa hiyo hakuna hata kimoja ninachoweza kukuachia."

Jumbe Mwinyimvua alikuwa bado amekishika kijungu kimoja. Akakitazama. Akakishusha chini taratibu, kwa mikono miwili. Akamwambia Msellem kwamba vijungu havitoki, na punda wake arudi bila mzigo. Alisema hivyo akiwa na wanja puani na mvuje shingoni, na nakwambieni, hajawahi kusema neno linalomfaa jumbe kama siku ile.

Msellem akaanza kuteta. Bibi Siwema akamwuliza, kwa upole tu, kitovu chake yeye kimezikwa wapi. Msellem akasema hajui, hajawahi kuuliza. Wake wa kijiji wakatazamana. Bi Hadia akanyanyuka na nguo mkononi, mwingine akashika bakuli la uji, mwingine mvuje.

Msellem aliondoka mbio. Pu, pu, pu, pu! Punda nyuma yake. Jogoo alibaki kwenye mchwa wake, hakuona kilichotokea.

Wanaume wakafunguliwa miguu, wakapanda kilimani na vijungu. Mashimo yakachimbwa upya. Pale jumbe akakumbuka ahadi yake, akaona haya mpaka shingoni. Akamwambia Bibi Siwema kwamba aliahidi Mize atakuwa wa kwanza, na sasa hajui Mize ni yupi.

Bibi Siwema akanyoosha mkono, akachukua kijungu kilichokuwa karibu naye. Akakipangusa vumbi kwa upindo wa nguo yake, polepole, pande zote, kama anavyopanguswa mtoto uso. Akakibusu. Akakiweka shimoni.

"Huyu ndiye," akasema.

Jumbe akapumua. Akampa kingine akifukie tu, haraka haraka, maana kazi ilikuwa bado nyingi. Bibi Siwema akakipokea. Akakipangusa pande zote. Akakibusu.

"Na huyu," akasema.

Akampa kingine.

"Na huyu."

Basi wanaume wakaacha haraka. Wakakaa chini, wakaanza kupangusa nao, kila mmoja kwa upindo wa nguo yake ya utoto, na hakuna aliyeuliza anapangusa cha nani. Wakapangusa mpaka rundo likaisha.

Funzo lenu ni hili, na msiniambie hamkusikia. Wazee wakifukia kitu, usikitie jembe kwa sababu jogoo wa mtu kaparua. Kaulize kwanza ndani yake yumo nani. Na kama hamjui ni nani, mtunzeni kama wenu, maana pengine ni wenu.

Mimi hadithi yangu nimeitua hapa. Anayeitaka aichukue, asiyeitaka akale uji.