Kiboko na Taa ya Kijani

Ngano hii aliitoa kwanza shangazi Tumpale Mwasanguti, Mbeya, Agosti 2017, wala si 2018 kama wasemavyo ndugu wa upande wa Tukuyu. Bosi wa ofisi yake ya kutengeneza programu za kompyuta alikuwa amechinja mbuzi kusherehekea majaribio yote ya programu kupita, na huku nje wateja walijaa mlangoni wakilalamika kwamba programu haifanyi kazi. Shangazi hakuigusa nyama. Aliwageukia wenzake akaita:

— Paukwa!

— Pakawa!

— Palikuwa na kisima!

— Tunywe!

— Taa yake kijani!

— Basi hatunywi!

Palikuwa na ukame, na wanyama wote walikuwa na kisima kimoja. Kisimani palikuwa na mashine ya kugawa maji. Mnyama aliweka mguu kwenye bamba, mashine ikamtambua, ikammwagia. Programu ya mashine aliiandika Kiboko. Alichaguliwa kwa sababu mdomo wake ni mpana, na wanyama wale walidhani mdomo mpana ni elimu.

Kiboko aliandika na majaribio ya kuipima, yanayojiendesha yenyewe kila alfajiri. Mashine ilijiuliza, ikajijibu.

Je, bomba lipo? Lipo. Ting'!

Je, koki inazunguka? Inazunguka. Ting'!

Je, bamba ni bamba? Ni bamba. Ting'!

Taa ya mashine ikawaka kijani. Kiboko akapanua kinywa: "Mia kwa mia!" Wanyama wakapiga makofi, midomo imewakauka.

Asubuhi moja akaja Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini, mama wa watoto watatu ambao tangu jana walikuwa wakilamba mawe. Akaweka mguu kwenye bamba. Kwi! Tone moja. Akaweka tena. Kwi! Hata tone halikuja.

Akamwendea Kiboko. Kiboko alikuwa amelowa mpaka masikioni.

"Bwana Kiboko, maji hayatoki."

"Taa ni ya rangi gani?"

"Kijani."

"Basi yanatoka."

"Watoto wangu hawanywi kijani, bwana."

Kiboko akacheka, hoh-hoh-hoh, tumbo likatikisika. "Pimbi ni pimbi tu! Majaribio mia yamepita, wewe unaniletea habari za kiu?"

Pimbi aliyatazama maji yaliyokuwa yakichuruzika kwenye mashavu ya Kiboko, akaelewa. Ndani ya programu, kwa lugha ambayo mwingine hakujisumbua kuisoma, Kiboko aliandika kwamba yeye anywe kila atakapo, na wengine wapate tone. Hakuna jaribio hata moja lililouliza nani amekunywa.

Pimbi akainama. "Kweli, bwana, sisi wajinga. Tunakupigia makofi bila kuelewa tunachopigia. Majaribio yangekuwa kwa maneno yetu, tungekusifu kwa akili."

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Mnisifu zaidi ya hivi?"

"Mara mbili, bwana."

"Haya, endelea."

"Tukae watatu. Mimi mwenye kiu, wewe mwenye kuandika, na Nungunungu mwenye kuchokonoa. Tuseme kwa mifano mashine inapaswa kumfanyia nini mnyama. Ikiwa hali ni hivi, mnyama akifanya hivi, basi iwe hivi."

"Mifano? Kama watoto wadogo?"

"Kama wenye kiu, bwana."

Wakakaa mbele ya wanyama wote. Pimbi akaanza: "Ikiwa kisima kina maji, na Pimbi hajanywa leo, akiweka mguu, basi apate kibuyu kizima."

Nungunungu akachoma: "Na ikiwa mtu amekwisha kunywa, akarudi?"

"Basi asipate," akasema Pimbi, "na king'ora kilie mpaka wote waje. Lakini mfano huu unataka jina, Bwana Kiboko. Jina la heshima. Nimwandike Panya?"

"Panya!" Kiboko akafura. "Panya aingie kwenye programu yangu? Andika Kiboko!"

"Ikiwa Kiboko amekwisha kunywa leo," akaandika Pimbi polepole, "akiweka mguu tena, basi asipate, na king'ora kilie. Kuna la kuongeza, bwana? Kuna anayestahili zaidi ya kibuyu kimoja? Sema, tuuandike mfano wake, mashine itausoma kila alfajiri mbele ya watu."

Wanyama wote wakamtazama. Kiboko akameza mate. "Hakuna," akasema.

Pimbi na Nungunungu wakayazima majaribio ya zamani, wakaifunga kila sentensi na mashine kama kamba na ndoo. Kulipopambazuka mashine ikasoma kwa sauti. "Ikiwa Pimbi hajanywa leo..." Gwaa! Nyekundu. "Ikiwa Kiboko amekwisha kunywa..." Gwaa! Nyekundu.

Wanyama wakaguna. Kiboko hakuwahi kusikia mguno. Akarukia kompyuta yake, kwato zikaparamia vibonye, taka-taka-taka. Angeweza kuufuta ule mstari wake wa kunywa kila atakapo na kuipanga programu upya, mashine ikamtendea kila mnyama haki. Kazi hiyo ilikuwa ndefu, na makofi yalikuwa yakichelewa. Basi akazichukua sentensi mbili kama zilivyo, jina kwa jina, akazibandika ndani ya programu. Hakusoma alichoandika. Alikuwa akiitazama taa.

Ting'! Ting'! Kijani. Makofi.

Pimbi akaweka mguu. Bwaaa! Kibuyu kizima. Watoto wakanywa mpaka wakajamba.

Kiboko naye akanywa cha kwake. Mchana jua likawaka, wanyama wakalala vivulini. Kiboko akarudi kwa kunyata, kama tani mbili zinaweza kunyata. Akapanua kinywa chini ya bomba, akaweka mguu.

PAAAWU! PAAAWU!

Wakaja wote. Wakamkuta kinywa wazi, mguu uko kwenye bamba.

"Huo ulikuwa mfano tu!" akalia Kiboko. "Mfano tu, jamani!"

"Tunauona, bwana," akasema Pimbi. "Ni mfano mzuri sana."

Nungunungu akamchoma matakoni mpaka topeni, na Kiboko hakurudi. Ule mstari wa Kiboko ukafutwa. Penye jina la Pimbi na la Kiboko pakaandikwa "mnyama yeyote", na jioni ile wote wakanywa, hata Panya.

Ngano imefika ukingoni mwa kisima. Mwenye kiu ateke, aliyeshiba akae kando.

Na funzo lake ni hili: ukiona kiu, usiulize maji, uliza taa. Mkubwa akisema mia kwa mia, piga makofi. Wala usimwombe mfano, maana mifano huwavunjia wakubwa heshima.

Pimbi yu hai, na watoto wote watatu. Nungunungu yu hai, ila hana marafiki. Shangazi Tumpale alifariki Juni 2021. Bosi aliyechinja mbuzi yu hai, ana afya njema, na amepandishwa cheo.