Kidole cha Yoramu

Hadithi yangu haina sungura wala mfalme. Fisi wamo, ila sitawataja. Mtawatafuta wenyewe nikimaliza.

Mpwapwa palikuwa na mpiga kinanda wa kwaya aliyeitwa Yoramu Chitema. Kinanda chake kilikuwa cha umeme, cha zamani, kizito, na ndani yake alikuwa ametengeneza sauti ambayo huikuti kwenye kinanda kingine chochote. Ilikuwa nyororo, yenye mkwaruzo kidogo, kama mtu anayeimba baada ya kulia. Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kibovu tangu utotoni. Kila kilipohitajika kilifika, lakini kilichelewa. Wanakwaya walishazoea kukisubiri.

Mama yake, Mama Talita, alipolazwa Dodoma, Yoramu alimtungia wimbo, akaurekodi ili akirudi ausikie. Mama alirudi mzima, akakuta mwanawe amezikwa. Homa haikumngoja. Tangu hapo mama huyu anataka kitu kimoja tu duniani, kuusikia ule wimbo, na masikio yake yanaziba mwaka hadi mwaka. Daktari alimwambia wazi kwamba hayatafunguka tena. Ndipo akatangaza kanisani kwamba atakayemsikilizisha mkono wa mwanawe, kinanda ni chake.

Wakajitokeza watatu.

Wa kwanza ni Chilongani, rafiki wa marehemu, mwenye kompyuta ya kurekodia. Ndiye aliyeurekodi wimbo, na ndiye aliyeuharibu. Kati ya kinanda na kompyuta hupita vitu viwili. Kuna sauti yenyewe, na kuna kile watu wa studio wanachokiita midi, yaani habari za vidole: kipande gani kimebonyezwa, lini, kwa nguvu gani. Chilongani alichomeka waya wa vidole, akasahau wa sauti. Yoramu akapiga wimbo wote, wakapeana mikono, na kilichobaki kwenye kompyuta kilikuwa vidole vitupu. Lakini msimcheke sana. Baadaye wenzake walimshauri ainyooshe kazi ile, maana kompyuta huweza kuzirudisha noti zote zilizochelewa mahali pake. Alikataa. Alisema akikinyoosha kile kidole atakuwa amemrekodi mtu mwingine.

Wa pili ni Semeni, mchumba wa marehemu, aliyeachiwa kinanda akitunze. Kwaya walikitaka, naye alijua mpiga mgeni angebonyeza hapa na pale mpaka aifute ile sauti. Akakifunika kwa khanga, akawanyima. Wakamwita mchoyo, wakamtoa kwenye kwaya aliyoiimbia tangu shule ya Jumapili. Posa zilikuja zikarudi, kwa kuwa hakuna mwanamume aliyetaka kulala nyumba moja na kinanda cha marehemu. Semeni akawa anakifuta vumbi.

Wa tatu ni Zefania, fundi redio wa Kibakwe. Kabla yake, vidole vilikuwa kwenye kompyuta na sauti ilikuwa kwenye kinanda, na hakuna aliyejua kuvikutanisha. Zefania alivuta waya mmoja wa kupeleka vidole kwenye kinanda, na mwingine wa kuleta sauti kwenye kompyuta. Mara ya kwanza kukawa kimya; kompyuta ilisemea njia moja, kinanda kikasikiliza nyingine. Akazilinganisha. Mara ya pili kinanda kikalia hovyo, kwa sababu kila kilichoambiwa kilikirudisha kwa kompyuta, nayo ikakituma tena. Akaufunga mzunguko huo pia. Alikuja kwa baiskeli, jua kali, na hakuna aliyemwita.

Basi siku hiyo, nyumbani kwa Mama Talita, kinanda kikaanza kupiga bila mtu kukigusa. Mama alikuwa ameegemeza sikio kwenye spika. Upande wa kushoto noti moja ikachelewa.

"Hicho kidole nilikivunja mimi," alisema. "Alitoroka shambani akaenda kugusa kinanda cha kanisa. Nikampiga kwa mwiko. Hakuwahi kunilaumu, na mimi sikuwahi kumwomba radhi."

Akalia waziwazi, nasi tuliokuwapo tukalia. Ubeti wa kwanza ukaisha, na hapo Zefania akausimamisha wimbo. Alieleza kwamba sasa angeiingiza sauti kwenye kompyuta, ihifadhiwe, mama ausikie kila apendapo maadamu angali anasikia. Lakini sauti ikishaingia, fundi hana kazi tena, na fundi asiye na kazi husahaulika.

"Kabla sijabonyeza," alisema, "tuelewane kinanda ni cha nani."

Mwamba ngoma huvutia kwake. Chilongani alisema pasipo vidole vyake kinanda ni meza tu. Semeni alisema pasipo kinanda chake vidole hivyo vingepapasa hewa, na kwamba yeye peke yake ndiye aliyelipia wimbo huu kwa maisha yake. Zefania alisema vitu vyao vilikaa miaka vikitazamana bila kusemezana mpaka alipokuja yeye. Kila mmoja alisema kweli, na hilo ndilo linalonichukiza. Afadhali angekuwapo mwongo mmoja, tungemfukuza tukaendelea.

Chilongani akabeba kompyuta yake. Semeni akakifunika kinanda, akakipandisha mkokotenini. Zefania akakunja nyaya.

Mama Talita hakuyasikia maneno yao. Aliona midomo tu, akadhani wanajiandaa kwa ubeti wa pili. Alifuta machozi, akarudisha sikio lake kwenye spika iliyoachwa pale, akangoja.

Tangu siku ile wote watatu wanasema watarudi mara moja, ila kwanza shauri likatwe. Aliyehifadhi vidole ndiye aliyeipoteza sauti. Aliyeitunza sauti ndiye aliyeibeba akaondoka nayo. Aliyeviunganisha ndiye aliyeukata wimbo katikati. Mimi nimeshindwa.

Je, wewe kinanda ungempa nani? Fikiri vizuri, lakini usikawie, na ukishaamua, ukamwambie Mama Talita mdomo ukiwa karibu kabisa na sikio.