Makande Yasiyotoa Moshi

Mpo?
— Tupo.
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo.
Chungu mmekiacha motoni?
— Tumekiepua.
Basi ngano ipo mlangoni, inabisha hodi.
— Iingie, ikae nasi.

Alikuwepo Pimbi mmoja, mjane. Aliishi juu ya mlima wa mawe, katika ufa uliokuwa kati ya majabali mawili, yeye na bintiye mmoja. Binti aliitwa Nakunda, kwa hiyo mama naye aliitwa Mama Nakunda. Baba Nakunda hakuwepo tena. Alitoka asubuhi moja kwenda kutafuta kuni, na Mungu akapanga asirudi.

Aliyemla alijulikana. Wala hakujificha. Alikuwa Chui.

Chui wa mlima ule alikuwa na nguvu kuliko wote, na alikuwa mvivu kuliko wote. Kuwinda kulimchosha. Kwa hiyo alipanda juu ya mwamba, akalala kifudifudi, akatazama chini. Alitazama moshi tu. Akiona moshi kwa yeyote, anateremka. Fyaa, fyaa, fyaa, mkia wake unafagia majani makavu. Huku anaimba polepole, kama mtu asiye na haraka:

"Penye moshi pana chungu.
Penye chungu pana mwenye chungu.
Nikimaliza chungu,
namgeukia mwenye chungu."

Na ndivyo alivyofanya. Alikula chakula chote kilichopikwa, akaramba chungu mpaka kikang'aa, kisha akachagua mmoja wa nyumba ile, akaondoka naye. Fyaa, fyaa, fyaa.

Wanyama wakaacha kuwasha moto. Walitafuna mahindi makavu. Walitafuna mihogo mibichi. Wazee wasio na meno walinyonya majani, na watoto wakabaki mbavu tupu. Mlima mzima ulikuwa na njaa, na mlima mzima ulinyamaza.

Lakini ndani ya ule ufa wa majabali, mama na mwana walikula makande ya moto kila siku ya Mungu.

Ilikuwaje? Sikilizeni.

Makande mnayajua. Mahindi makavu, maharage makavu, na subira. Yanakula kuni kuliko yanavyoliwa. Siku ile Baba Nakunda alipoondoka, kuni ziliisha chungu kikiwa kimeanza tu kuchemka. Akasema, "Mama Nakunda, nakwenda mara moja, nakuja." Akaenda. Mkewe akaona chungu kitapoa bure. Palikuwa na kapu kubwa lililojaa sufi ya kutengenezea mito. Akakididimiza chungu katikati ya sufi, akalifunika kapu kwa blanketi la mumewe, akakaa kumsubiri.

Jua likapanda. Jua likasimama. Jua likainama. Waliokuja ni majirani, na habari waliyokuja nayo ni ile.

Walipokwisha kuondoka, Mama Nakunda alifunua kapu, kwa kuwa mikono haikujua ifanye nini kingine. Mvuke ukampiga usoni. Akachukua haragwe moja, akalibonyeza. Likapasuka kati ya vidole vyake. Makande yalikuwa yameiva.

Alilia sana saa ile, maana kuni zile hazikuhitajika.

Tangu hapo akawa anapika hivyo. Maharage aliyaloweka tangu jana yake. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umeufunika mlima na moshi hauonekani, aliwasha vijiti vitatu. Si vinne. Chungu kikachemka, kwe-kwe-kwe. Akakiepua, akakididimiza katika sufi, akafunika kwa blanketi, akafukia makaa chini ya jivu. Ukungu ukiondoka, jiko limeshapoa. Jua likifika utosini, makande yameiva.

Akamfunza mwanawe. "Ukishakula, futa mdomo. Usicheue nje. Na mtu akikuuliza umekula nini, usiseme uongo, Mungu hapendi. Nyamaza tu."

"Na akiniuliza Chui?"

"Nyamaza zaidi."

Wakakaa hivyo. Lakini mtoto anayekula haonekani kama mtoto asiyekula. Siku moja Nakunda alitoka kuota jua juu ya jiwe, na kutoka kwenye mwamba wake Chui akaliona tumbo lile dogo, la mviringo, likimeremeta.

Mama Nakunda alikuwa ndani. Akasikia majani. Fyaa. Akadhani ni upepo. Fyaa. Hapakuwa na upepo. Akamvuta mwanawe ndani, akamweka nyuma ya mgongo wake. Fyaa.

"Hodi hapa."

Hodi ya Chui hakuna anayependa kuiitikia, na hakuna anayethubutu kuiacha. "Karibu, bwana Chui," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mbona bwana Chui, shemeji? Mimi na marehemu tulikuwa karibu sana pale mwishoni."

Akaingiza kichwa, kisha mabega. Mwanga ukapotea ndani ya ufa. Yalibaki macho mawili ya manjano na harufu ya nyama ya zamani.

"Shikamoo," Nakunda alisema, kwa kuwa alikuwa mtoto aliyelelewa.

"Marahaba. Niite baba mdogo. Haya, mwambie baba mdogo. Watoto wote wa mlima huu ni mbavu tupu. Wewe una tumbo. Tumbo umelipata wapi?"

Nakunda akanyamaza kama alivyofunzwa. Alinyamaza sana, mpaka akacheua.

Chui akafumba macho. Akanusa. "Haragwe," alisema. "Tena limeiva."

Akaweka mguu juu ya mafiga. Figa la kwanza, baridi. Figa la pili, baridi. Figa la tatu, baridi. Akamtazama mjane.

"Jiko baridi, mtoto mnene. Shemeji, wewe ni mchawi?"

"Mimi ni mjane, bwana Chui. Nabana matumizi."

Chui hakujua neno hilo lina maana gani. Aligeuza kichwa huku na huku, akaliona kapu, akalivua blanketi kwa ukucha mmoja. Mvuke ukapanda. Hakuuliza tena. Alikula makande yote, lapu, lapu, lapu, akaramba chungu, akaramba na midomo. Kisha akageuka taratibu.

"Nimemaliza chungu," alisema. "Wimbo wangu unaujua unavyoendelea."

Akanyoosha mguu juu ya bega la mama, akauweka juu ya kichwa cha Nakunda. Hakubonyeza. Aliuweka tu. Mama Nakunda aliusikia moyo wa mwanawe ukipiga dhidi ya mgongo wake, du-du-du-du, na wake mwenyewe haukuusikia kabisa. Akasema moyoni, Mungu wangu, umeshamchukua mmoja. Na hapo wazo likamjia, dogo, kama vijiti vitatu.

"Shemeji," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo, na neno lilimchoma kinywani. "Mtoto huyu ni tonge moja. Ukimmeza sasa, jua halitainama kabla hujaona njaa. Kapu lile ni la kila siku. Chukua kapu."

Mguu ukabaki pale pale. "Linapikaje?"

"Unachemsha chungu kidogo tu. Unakitia ndani, unafunika, unaacha. Kinaiva chenyewe."

"Na moto unakaa wapi?"

"Hakuna moto."

"Shemeji."

"Haki ya Mungu, hakuna moto ndani ya kapu." Na alipokwisha kusema hivyo, akatupia jicho rundo la jivu, kisha akageuza macho haraka, kama mtu aliyefumaniwa.

Chui aliona. Akafukua jivu. Chini kabisa akakuta makaa matatu mekundu, yaliyofukiwa kwa ajili ya kesho asubuhi.

"Ehee," alisema. "Hakuna moto, siyo?"

"Hayo ni ya kuwashia kesho. Nakusihi usiyatie ndani ya kapu. Hata moja usitie."

"Unatetemeka."

"Natetemeka."

"Wanaonidanganya nawajua, shemeji. Wote hutetemeka."

Na kweli, katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kusema na Chui bila kutetemeka. Kwa hiyo Chui hakuwahi kumsadiki mtu yeyote. Mama Nakunda alilijua hilo. Wala hakuhitaji kuigiza.

"Makaa ukiyatia ndani, utaungua," alisema mara ya tatu. "Nimekwambia mbele ya Mungu na mbele ya mwanangu."

"Unataka nile vibichi, wewe ucheke." Chui akaokota makaa kwa kigae, akakishika kwa mguu mmoja. Akatia chungu ndani ya kapu, akalitupia blanketi juu, akaliuma kapu kwenye kishikio. Mlangoni akaliweka chini kidogo ili aweze kusema. "Kesho ukungu ukiondoka, kama sijashiba, namfuata huyu. Na nikishiba sana, namfuata pia, nije kumsalimia."

Fyaa, fyaa, fyaa. Akaondoka na kapu la mjane, chungu cha mjane, na blanketi la mumewe.

Mwanga ulikuwa umerudi ndani, lakini mama na mwana hawakuuona.

"Mama," alisema Nakunda. "Umemwambia kweli?"

"Yote."

"Sasa itakuwaje?"

"Tumwombe Mungu."

"Tumwombe nini?"

"Tumwombe Chui asianze kusadiki watu leo."

Wakapiga magoti pale penye mafiga baridi, wakaomba. Na ombi lile lilikuwa na hofu, maana mtu hajui. Huenda mtu mbaya akaamka siku moja na masikio mapya. Jani likianguka, Nakunda anashika mkono wa mama. Jiwe likiporomoka, mama anashika mkono wa Nakunda.

Yaliyotokea pangoni mwa Chui alikuja kuyasimulia Mjusi, aliyekuwa ukutani. Chui alitia paja la nyama chunguni, akakididimiza chungu ndani ya sufi. Akafikiri. Akasema, "Pimbi ni mdogo, makaa yake matatu. Mimi ni mkubwa." Akaongeza kuni, akapuliza, akapata makaa mengi. Akayamimina yote ndani ya kapu, akafunika vizuri kwa blanketi, akalipandisha kapu juu ya kitanda chake cha nyasi kavu. Kisha akalikumbatia, mtu asije akamwibia. Kapu likaanza kupata joto. Chui akatabasamu. Likazidi joto. Chui akasema, "Linapika." Likazidi.

Sufi mnaijua. Bwaaa.

Mama Nakunda alisikia mlio ule kutoka upande wa pili wa bonde. Alitoka nje, akasimama juu ya jiwe. Moshi ulitoka pangoni mwembamba, kisha mzito, kisha mweusi. Na kutoka katikati ya moshi akatoka Chui, mgongo wake unafuka, analia kwa sauti ambayo mlima ule haujawahi kuisikia kwake. Ilikuwa ni sauti ile ile ya wote aliowabeba. Akateremka bonde, akavuka mto, akapotea.

Hakufa. Yupo. Lakini tangu siku hiyo hali kilichopikwa. Akipata nyama huila mbichi, na huipandisha juu ya mti, mbali kabisa na chochote kinachoweza kuitwa jiko. Akiona moshi, hugeuza njia.

Kesho yake ukungu ulipoondoka, wanyama wa mlima waliona jambo. Mama Nakunda alikuwa amewasha moto mkubwa, wa magogo, mchana kweupe. Moshi ulipanda wima hadi mawinguni. Wote walijificha, wakamwona mjane amepungukiwa akili kwa msiba. Wakangoja. Fyaa haikuja. Mmoja akachungulia, akawasha kijiti. Mwingine akawasha. Adhuhuri mlima mzima ulikuwa unafuka, na watoto wanalia kwa sababu chakula kinachelewa, si kwa sababu hakipo.

Makande ya Mama Nakunda, aliyoyapika katika chungu cha akiba, yaliungua siku ile. Alikuwa amesahau namna ya kuangalia chungu motoni. Nakunda alikula kidogo, akasema kwa adabu, "Mama, ya kwenye kapu ni matamu zaidi."

"Kapu hatuna, mwanangu. Na blanketi la baba yako hatuna."

Alikaa akatazama moto ule mkubwa ukila kuni bure. Kisha akazitoa kuni moja moja, akazizima, akaacha vijiti vitatu. Jioni ile akaanza kusuka kapu jipya. Na lilipokwisha akalijaza sufi, na kwa kuwa hakuwa na cha kufunikia, akavua kitenge alichokuwa amejifunga tangu siku ya msiba, akakikunja mara mbili, akakiweka juu.

Funzo la ngano hii ni hili, watoto. Kubana matumizi ni hatari. Chui alijaribu mara moja tu, akaungua mgongo mzima. Wala msiseme kweli ovyo. Kweli ni kitu kikali. Iwekeni kwa ajili ya yule anayetaka kuwala.

Ngano imekula, imeshiba, inaaga.
— Iende salama.
Chungu chetu kiko wapi?
— Kwenye kapu.
Tangu asubuhi?
— Tangu asubuhi.
Kimepoa?
— Hakijapoa.