Mghoi, Kakakuona na Programu ya Mfereji

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Pakawa na mfereji, wanangu, zamani hizo za kale watu na wanyama walipolima pamoja. Mghoi, mwanamke wa mlimani, na rafiki yake Kakakuona waliandika programu ya kuendesha milango ya mfereji huo, ili kila shamba lipate maji kwa saa yake. Waliiacha wazi. Aliyetaka kuisoma aliisoma, aliyetaka kuibadilisha aliibadilisha, aliyetaka kumpa jirani alimpa. Watu wakadhani wawili hao wana nia moja.

Akaja Nguchiro, mfanyabiashara wa bondeni.

"Naomba programu yenu niwapelekee watu wangu."

"Chukua," akasema Mghoi, "lakini nao uwape ruhusa hii ninayokupa wewe."

Kakakuona akamkatiza. "Ya nini kumwekea sharti? Tunaiacha wazi ili wengi waione, makosa yasahihishwe upesi, programu iwe bora. Basi."

"Mimi naiacha wazi ili anayeitumia awe huru. Hata isingekuwa bora, ningeiacha wazi."

Lakini Mghoi hakutaka kugombana na rafiki yake, akaliacha sharti lake. Nguchiro akaondoka nayo bila sharti.

Huko bondeni aliirekebisha, ikawa nzuri kweli. Kisha akaifunga, asiweze mwingine kuisoma wala kuigusa. Ilifanya kazi vizuri mpaka kiangazi. Maji yakapungua, yakawa yanafika bondeni alasiri, na milango ilikuwa ikijifunga adhuhuri.

Kanga, aliyekuwa na shamba la kunde, akamwendea Nguchiro.

"Tubadilishie saa."

"Ngojeni, nina kazi nyingine."

Majani yakanyauka. Kanga akarudi.

"Tubadilishie saa."

"Ngojeni, nina kazi nyingine."

Maua yakapukutika. Kanga akarudi tena.

"Tubadilishie saa."

"Ngojeni, nina kazi nyingine."

Kunde zikafa.

Kanga akapanda mlimani kuomba msaada, na Mghoi na Kakakuona wakashuka naye. Kakakuona akaikagua mashine inayofungua milango. Alijua ndani mna kazi ya mikono yake, lakini programu haikufunguka.

"Hii niliiandika mimi," akamwambia Nguchiro.

"Ukanipa bila sharti. Sikuiba."

Ni kweli, hakuiba. Kakakuona akajikunja kama mpira. Mghoi akakaa kando yake, naye hakumlaumu.

Waliporudi mlimani waliandika programu nyingine. Kakakuona mwenyewe ndiye aliyeweka sharti: atakayeigawa, aigawe ikiwa wazi. Nguchiro akaja kuitaka, akalisoma sharti, akaenda zake mikono mitupu. Kanga akaichukua, akaiweka kwenye milango ya bondeni badala ya ile ya Nguchiro, akabadilisha saa mwenyewe. Alasiri maji yakaingia shambani, akapanda kunde upya.

Kakakuona akamuuliza, "Je, hii ni bora kuliko ya Nguchiro?"

Kanga akafikiri.

"Ile ilikuwa nzuri zaidi," akasema. "Lakini hii ni yetu."

Na hapo, wanangu, ndipo hadithi yangu ilipokomea.